Madhara ya dawa kwa sauti

Madhara ya dawa kwa sauti ni mabadiliko ya sauti yanayosababishwa na dawa ambayo mtu anaitumia kutibu ugonjwa mwingine. Sauti inaweza kukauka, kukwaruza, kuwa nzito au kupotea. Huwaathiri hasa watu wanaotegemea sauti kikazi, kama vile walimu, waimbaji, watangazaji na wahubiri.

Jinsi yanavyotokea

Sauti hutokea katika zoloto, hewa kutoka mapafuni inapotetemesha nyuzi za sauti. Nyuzi hizo zimefunikwa na utando laini unaohitaji unyevu. Baadhi ya dawa huukausha utando huo, huuwasha au huzifanya nyuzi kuwa nene.

Dawa zinazohusika

* Dawa za pumu za kuvuta zenye steroidi, kama vile beklometasoni na budesonidi: sehemu ya dawa hubaki kooni na kuleta mkwaruzo, pengine pamoja na fangasi.
* Kaptopril, enalapril na lisinopril, zinazotibu shinikizo la damu: huweza kuleta kikohozi kikavu cha muda mrefu kinachoumiza nyuzi za sauti.
* Dawa za mzio, kama vile klorfenamini na promethazini: hukausha mdomo na koo.
* Aspirini na warfarini: huongeza hatari ya damu kuvujia ndani ya nyuzi za sauti, hasa mtu anapopiga kelele.
* Testosteroni na steroidi za kujenga misuli: huifanya sauti ya mwanamke kuwa nzito. Badiliko hili mara nyingi halirudi nyuma hata dawa ikiachwa.

Kinga na tiba

Mgonjwa wa pumu hushauriwa kusukutua mdomo na koo kwa maji kila baada ya kuvuta dawa, kisha kuyatema. Anayekohoa kwa sababu ya enalapril anaweza kubadilishiwa dawa na daktari, kwa mfano apewe losartan. Kunywa maji ya kutosha na kuipumzisha sauti husaidia pia.

Mgonjwa hapaswi kuacha dawa mwenyewe kwa ajili ya sauti: pumu au shinikizo la damu lisilotibiwa linaweza kuua. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, anahitaji kupelekwa hospitali mara moja. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki 3 inahitaji uchunguzi, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa kifua kikuu au saratani ya zoloto, wala si dawa.