Hewa Chini ya Chombo: Hesabu ya Nguvu katika Historia ya Vyombo vya Majini, 1872–2010

Masimulizi mengi kuhusu matumizi ya hewa katika kupunguza ukinzani wa maji huanza na Mwingereza Christopher Cockerell na hovakrafti yake. Mwanzo huo ni wa karibu mno, nao huficha swali la msingi: kwa nini wazo lililofahamika tangu karne ya 19 lilikawia kuzaa matunda? Insha hii inadai kwamba kilichoamua si uhaba wa uvumbuzi, bali ni hesabu: je, nguvu inayookolewa na hewa inazidi ile inayotumika kuipuliza?

Hesabu hiyo ilipata msingi wake kwa William Froude. Mwaka 1872, katika birika refu la majaribio huko Torquay, lililogharimiwa na Jeshi la Majini la Uingereza, Froude alianza kuvuta vielelezo vidogo vya meli na kupima ukinzani wake. Aliugawa ukinzani huo katika sehemu kuu mbili: msuguano wa maji kwenye ngozi ya chombo, na mawimbi yanayozushwa na mwendo wake. Katika meli nzito iendayo polepole, msuguano ndio unaotawala. Kwa kuwa uzito wa maji ni takriban mara 800 ya ule wa hewa ya ujazo uleule, ilielekea kwamba tabaka la hewa chini ya chombo lingeleta nafuu.

Kutokana na hoja hiyo zilizuka njia mbili. Ya kwanza ni kukiinua chombo juu ya mto wa hewa, wazo alilolishughulikia John Thornycroft katika miaka ya 1870. Ya pili ni kukiacha chombo majini na kukilainishia njia kwa hewa, kama alivyojaribu Gustaf de Laval wa Uswidi katika miaka ya 1880. Zote mbili zilikwama. Hewa ilitorokea pembeni, na injini za mvuke za wakati huo zilikuwa nzito kuliko faida iliyotarajiwa. Mwaka 1915 Dagobert Müller von Thomamühl aliundia jeshi la majini la Austria-Hungaria boti ya mto wa hewa iliyoendeshwa kwa injini za ndege. Boti ilikimbia vyema, lakini haikuendelezwa.

Mchango wa Cockerell, basi, haukuwa wazo la mto wa hewa, bali namna ya kuuhifadhi. Katika majaribio ya mwaka 1955 alitumia makopo mawili, moja ndani ya jingine, na mizani ya jikoni, akaonyesha kwamba hewa inayopulizwa kupitia mwanya mwembamba wa mviringo hukandamiza zaidi kuliko ile inayopulizwa kupitia tundu moja. Tarehe 25 Julai 1959 chombo chake, SR.N1, kilivuka bahari kutoka Calais hadi Dover. Baadaye pindo la mpira liliizuia hewa isitoroke ovyo, na kuanzia 1968 SR.N4 ilivusha abiria pamoja na magari yao katika mlangobahari huohuo.

Hata hivyo, kasi hiyo ilikuwa na bei yake. Injini zilipaswa kukiinua chombo na kukisukuma kwa wakati mmoja, na mafuta pamoja na matengenezo vilikuwa ghali. Baada ya njia ya reli chini ya bahari kufunguliwa mwaka 1994, ushindani ulizidi, na huduma ya SR.N4 ikakoma mwaka 2000.

Wakati huohuo njia ya pili ilifufuka kimyakimya. Mwaka 1973 McCormick na Bhattacharyya walionyesha kwamba viputo vidogo vya hidrojeni hupunguza msuguano. Mwaka 2010 meli ya mizigo ya Kijapani, Yamatai, ilianza kazi ikipuliza hewa chini ya kitako chake bapa. Umbo lake lilifaa: kitako kipana hushika viputo, na kina kifupi hupunguza shinikizo ambalo mashine za kupulizia hulazimika kulishinda. Lengo halikuwa kasi tena, bali uchache wa mafuta.

Kwa hiyo, hewa ileile iliyotafutwa ili kuongeza mwendo imepata nafasi yake ya kudumu katika vyombo viendavyo taratibu. Mtafiti anayeorodhesha wavumbuzi pekee hawezi kuueleza mgeuko huo. Anayefuatilia uzito wa injini, umbo la kitako na bei ya mafuta anaweza.