Fahamu: Vyama vya kijani na mvutano wao wa ndani

Kwetu ukitaja "chama cha kijani", wengi watadhani unasema CCM, kwa sababu ya rangi ya mashati. Katika nchi nyingine jina hilo lina maana tofauti. Ni chama cha siasa kilichoanzishwa kutetea mazingira, yaani misitu, maji, hewa na udongo, na kinasimamisha wagombea kama chama kingine chochote. Vyama hivi vinajulikana pia kwa kubishana sana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi hadharani.

Mfano ambao watu wa Msalala na Geita watauelewa haraka ni wa Lützerath, kijiji kidogo cha magharibi mwa Ujerumani kilichokuwa pembeni mwa mgodi wa wazi wa makaa ya mawe. Wakazi walihamishwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, wakalipwa, na shimo likaendelea kusogea. Wanaharakati wa mazingira wakaingia katika nyumba zilizoachwa na kujenga vibanda juu ya miti. Januari 2023 polisi waliwaondoa kwa nguvu.

Waliokubali kijiji hicho kichukuliwe na mgodi ni mawaziri wa chama cha Kijani chenyewe. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoleta shida ya gesi kutoka Urusi, mawaziri hao walipatana na kampuni ya RWE: Lützerath iondoke, lakini vijiji vitano vya jirani vibaki, na umeme wa makaa ya mawe katika eneo hilo ukome mwaka 2030 badala ya 2038. Oktoba mwaka huo mkutano mkuu wa chama ulikutana mjini Bonn. Vijana wa chama walitaka ubomoaji usimamishwe. Wakashindwa kwa kura chache.

Ukiwauliza mawaziri, watasema wameokoa vijiji vitano na miaka minane. Ukiwauliza vijana, watasema chama kimeuza kile kilichokizaa. Kwa hesabu, wote wawili wana la kusema, na ndiyo maana ugomvi wa namna hii hauishi.

Haukuanza na Lützerath. Chama hicho kilizaliwa Karlsruhe mwezi Januari 1980, na kilipopata wabunge wa kwanza mwaka 1983 kiliwaagiza waachie viti baada ya miaka miwili ili wengine waingie, mtu asije akazoea ukubwa. Makundi mawili yakajitokeza. Kundi la kwanza Wajerumani waliliita "Fundi". Neno hilo halihusiani na seremala wala fundi baiskeli. Ni kifupi cha watu wanaoshika msingi bila kulegeza. La pili liliitwa "Realo", wanaotazama hali halisi na kukubali nusu mkate. Desemba 1985 Joschka Fischer, kiongozi wa Realo, aliapishwa kuwa waziri wa mazingira wa jimbo la Hessen akiwa amevaa raba nyeupe. Mwaka 1999, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliunga mkono vita vya Kosovo, na katika mkutano wa chama chake mjini Bielefeld akarushiwa mfuko wa rangi nyekundu ukamjeruhi sikio.

Kwa majirani zetu swali limekuja kwa sura nyingine. Nchini Kenya, Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Green Belt za kupanda miti mwaka 1977, alishinda ubunge wa Tetu mwaka 2002 kupitia muungano wa NARC, kisha akawa waziri msaidizi wa mazingira. Mwaka 2003 akaanzisha chama cha Mazingira. Alipinga kwa nguvu mtindo wa kuwaruhusu wakulima kulima mahindi na viazi ndani ya misitu ya serikali huku wakitunza miche. Kwake huo ulikuwa mlango wa kuumaliza msitu. Kwa mkulima asiye na ardhi ulikuwa chakula cha watoto. Uchaguzi wa 2007 aligombea kwa tiketi ya chama chake na kupoteza kiti.

Rwanda, ambako malori yanayopita Isaka na Kahama huelekea, chama cha Kijani kilianzishwa mwaka 2009 na Frank Habineza na wenzake. Makamu wake, André Kagwa Rwisereka, aliuawa Julai 2010. Usajili ulipatikana Agosti 2013 tu. Mwaka 2015 chama kilikwenda mahakamani kupinga katiba kubadilishwa ili Rais Kagame aweze kugombea tena. Kikashindwa, na bado mwaka 2017 kikamsimamisha Habineza dhidi ya Kagame huyo huyo. Alipata chini ya asilimia moja. Mwaka uliofuata chama kilipata wabunge wawili kati ya 80. Nusu mkate? Labda ni kombo tu, lakini kiti bungeni ni kiti.

Tuyalete haya kwenye mwalo. Mchimbaji mdogo anachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha anaichoma, na moshi wake unaharibu mishipa ya fahamu. Mshika msingi atataka zebaki ipigwe marufuku leo. Mwenzake atauliza wachimbaji watakula nini kesho, na kama zebaki haitaendelea kuuzwa kwa magendo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji mkubwa wa namna hii ziwe na mpango wa taifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, na kuikomesha inapowezekana. Hayo maneno mawili ya mwisho yangetosha kuwafanya Fundi na Realo wakeshe wakibishana.