Bidoni ya Njano: Historia ya Kitu Tunachookota

Wiki hii ni zamu yangu, na nitaandika juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu ameshakibeba kichwani: bidoni. Hapa Uganda wanaiita jerikeni.

Kilichonisukuma ni jambo nililoliona kwenye bomba, pale ninapojitolea asubuhi. Mama mmoja jirani yetu alileta bidoni ya lita 20, ameinunua kwa bei ya chini kwa kijana anayeokota plastiki. Nilipofungua kifuniko, harufu ya dawa ya kupulizia mimea ikanipiga puani. Kumbe ameshaiosha mara tatu kwa sabuni na majivu. Nikamwambia, "Mama, hii si ya maji." Akaniuliza, "Basi maji ya watoto niyaweke wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Ndiyo nikaanza kutafuta historia ya hiki chombo.

Kabla ya bidoni kulikuwa na debe. Zamani mafuta ya taa yalisafirishwa duniani ndani ya madebe ya bati, mawili mawili kwenye sanduku la mbao. Debe moja liliingiza kama lita 18. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Watu walichotea maji, walipimia mahindi, na mengine waliyapasua, wakayanyoosha na kuezekea nyumba. Hata jina debe limetoka Uhindi, na mpaka leo sokoni bado tunalitumia kama kipimo. Wazee wanasema debe tupu haliachi kuvuma, lakini mimi naona debe tupu pia halikukosa kazi.

Vita ya pili ya dunia ilipofika jangwa la Afrika Kaskazini, jeshi la Uingereza lilibeba petroli kwenye madebe kama hayo hayo. Bati lake lilikuwa jepesi sana. Yalipasuka njiani, mafuta yakamwagika mchangani. Jenerali Auchinleck alikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya mafuta ilipotea sehemu nyingi za jangwa. Lakini askari walijua kutumia takataka. Walikata debe tupu, wakajaza mchanga, wakamwagia petroli kidogo na kuwasha. Hilo ndilo lilikuwa jiko lao la chai, wakaliita kwa jina la mji wa Benghazi. (Tafadhali mtu asijaribu hiyo hapa kwetu. Jangwani hakuna hema za kuungua, huku zipo zimebanana.)

Wajerumani walikuwa na chombo bora. Kuanzia mwaka 1937 walitengeneza kopo la chuma la lita 20, lenye vishikio vitatu, ili mtu mmoja abebe mawili matupu kwa mkono mmoja, au watu wawili wasaidiane kubeba lililojaa. Mdomo wake ulikuwa mdogo na unafunga vizuri. Waingereza walipoyateka jangwani waliyapenda, wakaanza kuyatumia na baadaye kuyaiga. Askari wa Uingereza walizoea kumwita Mjerumani "Jerry", na jina jerikeni likatoka hapo. Kwa hiyo ndugu, kile chombo unachogombania foleni ya maji kimezaliwa vitani. Sisi pia vita ndiyo ilitufikisha kwenye hiyo foleni.

Baadaye plastiki ikachukua nafasi ya chuma. Mafuta ya kula yakaanza kuuzwa kwenye bidoni za njano, na mafuta yakiisha, maji yanaingia. Ni ile ile tabia ya babu zetu na debe.

Lakini kuna tofauti moja kubwa: mdomo. Debe lililokatwa juu liko wazi, kikombe kinaingia, mkono unaingia, vumbi linaingia. Miaka ya 1990 huko Malawi, kwenye kambi ya Nyamithuthu waliyoishi wakimbizi wa Msumbiji, watafiti waliona kwamba maji yalitoka kisimani safi, ila yalichafuka haraka mikononi mwa waliochota. Wakazipa baadhi ya familia ndoo za lita 20 zenye mfuniko usioruhusu mkono kuingia na mdomo wa kumiminia. Kwenye zile ndoo uchafu wa choo ndani ya maji ulipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto chini ya miaka 5 kulikuwa chini kwa asilimia 31. Kisima kilikuwa kile kile, kilichobadilika ni chombo.

Sisi wa Kivu tunajua maana ya hizo namba. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, kati ya 500,000 na 800,000. Ziwa lilikuwa pale mbele yao, maji mengi, lakini si salama. Kipindupindu kikaingia, na kuhara damu kukafuata. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa.

Kwa hiyo historia ya bidoni inanifundisha maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuokota. La kwanza: ilibeba nini? Ikiwa ni mafuta ya kula, ioshe kwa sabuni na mchanga, tikisa mpaka utelezi uishe, suuza vizuri. Ikiwa ni dawa ya shamba, acha kabisa, kwa maana plastiki inanyonya sumu na kuosha hakuitoi yote. Usiichome moto pia. La pili: mdomo wake ukoje? Ukikata sehemu ya juu ili kikombe kiingie, umeirudisha kuwa debe. Ikikosa kifuniko, itafutie.

Ile ya mama tuliitoboa na kuandika alama ya sumu, mtu mwingine asije akaiuza tena. Nyumbani kwetu tulikuwa na tatu za mafuta ya kula, nikampa moja. Hilo ndilo jibu nililochelewa kumpa. Bado nina deni, kwa sababu yule kijana muokotaji anaendelea kuuza, na yeye pia anatafuta chakula. Jumamosi naenda kuongea naye, nimwonyeshe zipi azitenge. Anayetaka twende pamoja aniambie.