Mara ya Mwisho Ilikuwa 1965

Binti yangu ana miaka 10 na hesabu anaziweza. Tulikuwa ndani ya matatu, tumekwama Makupa kama kawaida, yeye amekaa dirishani na jezi ya Bandari inayomfika magotini, akaniuliza:

"Baba, hii timu yenu imewahi kuchukua ligi?"

"Bado."

"Tangu ianzishwe?"

"Tangu ianzishwe."

"Na timu nyingine ya Mombasa?"

"Feisal. 1965."

Akanyamaza, midomo inamchezacheza. Nilijua anatoa. "Babu alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Na wewe?"

"Mimi sikuwa nimezaliwa."

"Kwa hivyo hata wewe hujaona."

Makanga aliyekuwa ananing'inia mlangoni akaangua kicheko, akanitazama kwa huruma, kisha akanirudishia chenji yangu bila kudaiwa. Mombasa mtu akirudishiwa chenji bila kudai, ujue ameonewa imani kweli.

Nimelifikiria swali lile tangu siku ile. Kaka yake ni Manchester City. Aliichagua jinsi mtu anavyochagua simu, akaangalia ipi inashika chaji. Simlaumu. Hapa kwetu Changamwe kila kona ina kibanda cha kuonyesha mpira, na Jumamosi jioni utasikia mtaa mzima ukipiga kelele kwa ajili ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeufika. Mimi mwenyewe huenda. Lakini yule wa pili nilimshika mapema, kabla kibanda hakijamshika, na sasa ananiuliza nimempa nini.

Nianze na Feisal, maana vijana wengi wanadhani mpira wa Kenya ulizaliwa Nairobi.

Ligi ya taifa ilianza 1963, mwaka wa uhuru. Wa kwanza kuichukua walikuwa Nakuru All-Stars, mwaka uliofuata Luo Union, na 1965 ikashuka baharini, Feisal wa Mombasa. Tukumbuke ilikuwa miaka gani. Hadi Desemba 1963 ukanda huu wa maili kumi ulikuwa, kwa karatasi, milki ya Sultani wa Zanzibar. Kulikuwa na watu hapa waliotaka Pwani ijitenge, na waliotaka ibaki Kenya, na ndugu wa nyumba moja walikuwa hawasemezani kwa jambo hilo. Miaka miwili baadaye ubingwa wa nchi nzima uko Mombasa. Babangu alikuwa kijana wa kuuza mabuyu na kachri uwanjani. Alivyosimulia yeye, siku ile mabuyu hayakuuzwa, yaligawiwa. Sijui kama ni kweli. Babangu hakuwa mtu wa kugawa vitu.

Feisal haikuwa peke yake. Kulikuwa na Mwenge, na kulikuwa na Liverpool. Ndiyo, Liverpool. Kabla hujavaa jezi nyekundu ya Salah, Mombasa ilikuwa na Liverpool yake, na wazee wakisema "Liverpool wamecheza jana" walikuwa na maana ya vijana uliokutana nao sokoni asubuhi.

Kilichofuata si siri. Timu zilizokuja kutawala zilikuwa na kimoja kati ya vitu viwili: umati wa watu wa bara walioenda mjini kutafuta kazi, kama Gor Mahia na Abaluhya, ama kampuni nene ya kulipa mishahara, kama Kenya Breweries waliochukua ligi 1972, 1977 na 1978. Timu za mitaa za Mombasa hazikuwa na hiki wala kile. Na Pwani kampuni nene ilikuwa moja tu, gati.

Hapa ndipo inapoingia timu yetu, na ukitaka kuijua historia yake usianze na magoli, anza na majina. Ilianza 1960 ikiitwa Lasco. Si jina la mtu. Ni herufi za Landing and Shipping Company of East Africa, iliyokuwa ikipakua meli Kilindini wakati wa mkoloni. Baadaye ikawa Cargo, kwa sababu kazi ya mizigo ilishikwa na kampuni ya Cargo Handling. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mwaka uliofuata ikaundwa Kenya Ports Authority, na katikati ya miaka ya 80, wakati kazi zote za bandarini zilipokuwa zinakusanywa chini ya paa moja, timu nayo ikawa Bandari. Yaani kila tajiri wa gati alipobadilika, jezi nazo zilibadilika. Makuli walibaki wale wale, na watoto wao, na watoto wa watoto wao.

Ndiyo maana babangu hakuelewa mtu anapomwuliza kwa nini anashangilia timu isiyoshinda. Yeye alikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika kampuni moja ndogo ya uwakala, ilishafungwa siku nyingi. Alitoka nyumbani alfajiri na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia, moja ya kuazimwa isirudi. Kwake Bandari ilikuwa sehemu ya kazi, kama geti na king'ora cha shifti. Kilichonishangaza ni kwamba kazi ilipokwisha, aliendelea kwenda. Nilikuwa darasa la saba. Nyumbani unga unapimwa kwa kikombe, na mzee Jumapili avaa kanzu, ashika bakora, huyo Mbaraki. Mamangu alimwambia siku moja, "Kazi imekwisha, wewe bado wenda kutazama mpira wa bandarini?" Akajibu, "Sasa wataka niende wapi?" Mama hakuuliza tena. Alianza kumfungia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti.

Mimi nikawa nafuatana naye. Mbaraki uko kisiwani, lakini watu wa Changamwe na Likoni tunauhesabu wetu, maana wengi waliojaa pale ni sisi tuliovuka Makupa au tuliopanda feri. Kutoka pale si mbali na maji. Upepo unakuletea harufu ya chumvi na dizeli, na mara moja moja meli inapiga honi katikati ya kona, na kipa anaangalia kule.

Halafu timu ikashuka. Kuna misimu mizima haikuwa Ligi Kuu, na mzee alienda kuwatazama wakicheza na timu ambazo majina yake hayakutangazwa redioni. Ilirudi msimu wa 2013. Mwaka 2015 ikachukua kombe la shirikisho, na kwa mara ya kwanza nikamwona babangu akinunua gazeti mbili za siku moja.

Ila mwaka wenyewe ni 2019. Huo nitauchelewesha kidogo.

Bandari ilikuwa imemaliza ya pili 2018, nyuma ya Gor Mahia. Kocha alikuwa Bernard Mwalala, aliyewahi kuchezea Yanga kule Dar, kwa hivyo alijua maana ya kuchezea watu wanaolia. Januari 2019 wakaenda Dar kwenye SportPesa Super Cup, wakamtoa Simba kwenye nusu fainali. Simba! Nyumbani kwao! Fainali wakafungwa na Kariobangi Sharks, bao moja. Hiyo ndiyo Bandari. Inakupeleka mpaka mlangoni, inakwambia imesahau ufunguo. Ligi wakamaliza tena wa pili, tena nyuma ya Gor. Halafu mwanzoni mwa Juni, kumi la mwisho la Ramadhani, fainali ya kombe Kasarani, tena na Sharks wale wale. 3–1, yetu. Mzee alikuwa amefunga, amelala kwenye mkeka na redio kifuani. Bao la tatu alinyanyuka, akasema maneno ambayo sina hakika kama hayakumvunjia saumu.

Sasa sikiliza upande wa pili wa mwaka huohuo. Treni ya mizigo ya SGR ilikuwa imeanza Januari 2018. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba makontena yote ya Nairobi na ya nchi za ndani yaende kwa reli. Ukikaa Changamwe huhitaji kuelezwa maana yake. Hapa mtu akikosa kuwa dereva wa lori ni tanboi, akikosa ni fundi wa tairi, akikosa anawapikia hao wote chai na chapati. Barabara ile ikinyamaza, masufuria nayo yananyamaza. Mdogo wangu alikuwa dereva. Tajiri wake alipunguza malori, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Watu wakaanza kuandamana kila Jumatatu, wakaziita Jumatatu Nyeusi, mpaka Oktoba agizo likasimamishwa. Si wote waliorudi kazini.

Na katikati ya hayo, Bandari wako Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa kuwa Mombasa nzima haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF, mechi ya nyumbani ilichezewa Kasarani, Nairobi. Mwezi wa Septemba walikuwa wanakutana na US Ben Guerdane ya Tunisia. Basi Jumatatu mdogo wangu aliandamana kupinga reli, na wikendi mimi nikatoka nyumbani, nikaenda stesheni ya Miritini, nikalipa shilingi 1,000, nikapanda reli ileile kwenda kutazama timu ya bandari ikicheza nyumbani umbali wa kilomita karibu 500 kutoka bandarini. Nilimwambia naenda harusini. Alijua. Niliporudi aliniuliza kitu kimoja tu: "Mumewafunga?"

Tuliwafunga, na tukawatoa. Raundi iliyofuata Horoya ya Guinea wakatutoa sisi. Kipa wetu, Faruk Shikalo, alikuwa ameshaenda zake Yanga, ilivyo desturi. Ukiwa na kitu kizuri Mombasa, kinasafirishwa.

Babangu alifariki 2021. Kombe aliliona, ligi hakuiona kwa mara ya pili.

Ndipo nikaanza kumpeleka binti. Mke wangu hakupinga, ila aliniuliza swali zito kuliko la Makupa. "Kule City huyu kaka yake ana furaha. Wewe wamchukua huyu ukampe nini? Huzuni ya baba yako?" Nilijibu kwamba mtoto anahitaji hewa safi. Akacheka. Mbaraki na hewa safi!

Lakini nimejiuliza. Maana ni kweli, kuna kitu cha kidhalimu katika kumrithisha mtoto timu kama hii. Nyumba ukimrithisha anaweza kuiuza. Na hoja zinazotumiwa na mashabiki wenzangu, kwamba kushindwa kunafunza uvumilivu, siziamini. Babangu alishindwa maisha yake yote na hakuwa mvumilivu, alikuwa mkali kama pilipili ya mbuzi. Kilichompeleka Mbaraki si somo. Nadhani ni kwamba ile ilikuwa sehemu pekee iliyobaki ambapo bado alihesabiwa mtu wa bandarini. Walimwita karani miaka 20 baada ya ukarani kwisha, wakamwachia nafasi yake, safu ya pili, upande wa kivuli.

Binti hajui hayo. Anachojua ni vitu vingine. Anajua kwamba kocha akikasirika anasikika. Anajua winga wa kushoto alisimama nyuma yake kwenye foleni ya viazi karai, akaomba aongezewe ukwaju kama mtu yeyote, na siku tatu alikuwa anawahadithia wenzake shuleni. Wale wazee wa safu ya pili wanamwita "mjukuu wa karani" na kumpa kashata. Kaka yake ana wachezaji waliomshinda Ulaya nzima, lakini hajawahi kumwona hata mmoja wao akiomba ukwaju.

Siku ile ya swali la Makupa tulifika kipindi cha kwanza kimeshaanza. Haikuwa mechi ya kusimulia. Mpira ulikaa hewani zaidi ya chini, refa hakuona penalti ambayo mpaka muuza karanga aliiona, na dakika za mwisho tukafungwa kwa kona. Wazee wakainuka, wakakung'uta kanzu, mmoja akasema, "Haya, msimu ujao," ingawa msimu ulikuwa umebaki na mechi tele. Binti hakulia. Njiani alilala begani kwangu, tukavuka Makupa giza limeingia, korongo za Kipevu zimewaka taa.

Nyumbani kaka yake alikuwa kwenye kochi na simu. Hakuinua uso.

"Wamefungwa ngapi leo?"

Binti alikuwa anavua viatu mlangoni. "Tumefungwa moja," akasema. "Na ilikuwa penalti, yule refa ni mwizi."