Kitabu cha tiba cha mtandaoni

Kitabu cha tiba cha mtandaoni ni kitabu cha rejea kuhusu magonjwa, vipimo na dawa kinachosomwa kwa intaneti na kurekebishwa bila kungoja toleo jipya la karatasi. Kwa kawaida sura huonyesha mwandishi, mhariri na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Nyuma yake ipo jamii ya wataalamu, yaani madaktari, wauguzi na watafiti wanaopitia maandishi, kuongeza picha na kuonyesha makosa.

Historia

UpToDate ilianzishwa Marekani mwaka 1992 na Burton Rose, daktari wa figo, kwanza kwenye disketi. DermNet, inayohusu magonjwa ya ngozi, ilianza New Zealand mwaka 1996. Radiopaedia, inayokusanya picha za eksirei na vipimo vya aina hiyo, ilianzishwa Australia mwaka 2005 na Frank Gaillard; watumiaji waliojisajili wanaweza kuhariri makala zake, na picha huwekwa baada ya kuondolewa jina na alama zote za kumtambulisha mgonjwa.

Baadhi ya vitabu hivi ni bure, vingine hulipiwa, na bei ni kizuizi kikubwa Afrika Mashariki. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) na wachapishaji walianzisha mpango wa HINARI, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya tiba bure au kwa bei nafuu. Inayosajiliwa ni taasisi, si mtu mmojammoja.

Mfano wa Kongwa

Kongwa ni wilaya kame ya Mkoa wa Dodoma, Tanzania. Si mahali pa kusoma vitabu hivi tu: sehemu ya yaliyomo ndani yake ilipatikana huko. Trakoma, ambayo Tanzania huitwa pia vikope, huletwa na bakteria Chlamydia trachomatis. Ugonjwa ukirudi mara nyingi huacha makovu ndani ya kope, kope hupinda, nywele zake husugua jicho, na mwisho wake ni upofu. Utafiti uliofanyika Kongwa na kutolewa katika jarida la The Lancet mwaka 1995, ukiongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ulilinganisha vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni, na katika 3 ilifuata kampeni ya kuwaosha watoto nyuso. Katika hivyo 3, trakoma kali ilionekana kwa watoto wachache zaidi. Usafi wa uso sasa ni mojawapo ya hatua nne za WHO dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji, antibiotiki na uboreshaji wa mazingira.

Ugonjwa huohuo unaonyesha kwa nini tarehe ya sura ni muhimu. Mwaka 1987 WHO ilitoa mfumo rahisi wa dalili tano. Dalili ya kwanza ni vinundu 5 au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, upande wa ndani wa kope ya juu. Picha nzuri humsaidia tabibu kuliko maelezo marefu. Katika mfumo huo, unywele wowote wa kope uliogusa jicho ulihesabiwa. Mkutano wa wataalamu wa mwaka 2018 ulibadili jambo hilo, na sasa huhesabiwa nywele za kope ya juu peke yake. Anayetumia sura ya zamani anaweza kupata idadi tofauti ya wagonjwa katika kijiji kilekile, ingawa mwenye nywele za kope ya chini bado anahitaji huduma.

Kuhusu dawa, kitabu cha nje hakichukui nafasi ya mwongozo wa matibabu wa taifa. Azithromaisini hutolewa kwa trakoma kama dozi moja, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito na isizidi gramu 1 kwa mtu mzima, lakini dawa ipi itolewe katika zahanati huamuliwa na mwongozo wa nchi.

Pasipo mtandao wa kutegemewa, makala za tiba za Wikipedia zinaweza kupakuliwa kupitia Kiwix na kusomwa baadaye kwenye simu.