Kaboni ya Kongo Imo Topeni

Sera za tabianchi zimezoea kuhesabu miti. Msitu uliosimama huhesabiwa kuwa akiba, uliofyekwa hasara. Katika Cuvette Centrale, kinamasi kikubwa kilichotandaa kati ya Kongo-Brazzaville na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hesabu hiyo inapotosha.

Mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo na wenzao walichapisha katika jarida la Nature ramani ya kwanza ya udongo wa mboji wa eneo hilo: kilomita za mraba 145,500, zenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Hiyo ni asilimia 4 tu ya Bonde la Kongo, ilhali kaboni iliyolala humo inakaribia ile ya miti yote inayoota kwenye bonde zima. Utafiti wa 2022 ulilikadiria eneo kuwa kubwa zaidi, kilomita za mraba 167,600.

Mlinzi wa akiba hii ni maji. Majani, mizizi na magogo yakizama kwenye tope lisilo na oksijeni, vijiumbe vya kuozesha hushindwa kuyamaliza, nayo hulimbikizana tabaka juu ya tabaka. Huko Kongo ulimbikizaji huo ulianza zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Maji yakishuka, hewa hupenya na uozo uliosimama huanza upya. Yannick Garcin na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba hali ya hewa ilipokauka, kati ya miaka 7,500 na 2,000 hivi iliyopita, mboji nyingi ya Kongo ilioza na kupotea. Hapakuhitajika shoka wala moto.

Binadamu huharakisha mambo kwa jembe. Katika miaka ya 1990 serikali ya Indonesia ilichimba maelfu ya kilomita za mifereji kwenye vinamasi vya mboji huko Kalimantan ya Kati ili kulima mpunga. Mpunga haukustawi, mboji ilikauka. Moto wa 1997 nchini humo ulitoa kaboni inayokadiriwa kuwa kati ya asilimia 13 na 40 ya ile iliyotokana mwaka huo na mafuta, makaa ya mawe na gesi duniani kote.

Wako wanaokumbusha kwamba vinamasi hutoa methani, na ni kweli. Lakini methani hudumu angani kwa takriban muongo mmoja, wakati sehemu isiyo ndogo ya hewa ukaa inayotoka kwenye mboji iliyokaushwa hubaki kwa karne nyingi. Kukausha kinamasi kwa hoja ya methani ni kununua nafuu fupi kwa deni refu.

Ndiyo maana vitalu vya mafuta ambavyo Kinshasa ilivinadi mwaka 2022, baadhi vikiwa juu ya mboji hii, vilistahili kupingwa hata kama mti mmoja usingekatwa. Mnada ulifutwa mwaka 2024, ila tuta la barabara au mtaro wa bomba bado unaweza kugeuza mkondo wa maji bila setilaiti ya misitu kuona chochote. Mikataba ya fedha za kaboni inapaswa basi kudai kipimo cha kina cha maji ardhini, kinachosomwa mwaka mzima na wakazi wa vijiji vinavyovua samaki humo, na malipo yafuate kipimo hicho.