Herufi mbili kisha Enter: kile kiorodha cha kompyuta kilikotoka, na kwa nini ukisome kabla ya kugusa

1/8
Mfululizo wetu wa vitu vya kliniki na vilikotoka unaendelea. Leo si mizani wala kipimajoto. Leo ni kile kiorodha kinachoshuka ukianza kuandika kwenye kompyuta au simu. Unaandika herufi mbili tatu, majina yanajipanga chini yake, unagusa moja, umemaliza.

Wewe unakutana nacho ukitafuta jina la shoga yako kwenye simu. Sisi manesi tunakutana nacho tukitafuta faili la mgonjwa au jina la dawa. Kina historia ya zaidi ya miaka 50, na ndani ya historia hiyo kuna jambo linalomhusu kabisa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mtoto akilala ndiyo usome.

2/8
Twende Marekani, mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, mwaka 1969 na 1970. Kampuni moja inaitwa BBN ilikuwa inatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wakauita TENEX. Usifikirie kompyuta za leo. Watu wengi walikuwa wanaongea na kompyuta kupitia mashine kama taipureta, yenye karatasi, inayochapa kama herufi 10 tu kwa sekunde. Ukitaka kompyuta ifanye kitu, unaandika amri kwa maneno.

Sasa hapo kulikuwa na shida. Amri ikiwa na jina refu linaloeleweka, mtu anachoka kuiandika. Ikifupishwa iwe herufi moja au mbili, mtu anasahau ina maana gani. Watu wa TENEX wakaja na njia ya katikati: andika herufi za mwanzo tu, bonyeza kitufe cha Escape, mashine yenyewe inamalizia neno na kulichapa mbele yako ulione. Mfumo uliofuata baada yake, TOPS-20, ulikuwa hata ukiweka alama ya kuuliza, unakutajia yote yanayowezekana kufuata. Yaani huhitaji tena kukariri. Unahitaji kulitambua tu ukiliona.

Nani asiyejua tofauti hiyo? Ukiulizwa jina la dawa aliyopewa mtoto mwezi uliopita, hulikumbuki. Ukionyeshwa chupa tano mezani, unasema, "Ni hii hapa."

3/8
Kuna kitu kimoja cha TENEX naomba ukishike, maana tutakirudia. Kama herufi ulizoandika zinafaa kwa amri mbili tofauti, mashine haikuchagua. Ilipiga kengele, ikasubiri. Ni kama kukwambia, "Mama, sijakuelewa, ongeza herufi."

Mmoja wa waliojenga TENEX ni Dan Murphy. Kabla ya hapo, miaka ya 1960 akiwa chuo cha MIT, alikuwa ametengeneza programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi, jina lake TECO. Ilikuwa na nguvu, lakini amri zake zilikuwa herufi tupu tupu, mtu mgeni akiona anadhani paka amepita juu ya kibodi. Mwaka 1976, hapo hapo MIT, Richard Stallman na wenzake, akiwemo Guy Steele, wakajenga juu ya TECO programu nyingine: Emacs. Mwaka 1985 Stallman akatoa toleo jipya la kugawiwa bure, GNU Emacs, na mpaka leo linatumika.

4/8
Emacs ina amri maelfu. Siyo mia, maelfu. Kuna ya kupanga mistari kwa alfabeti, kuna ya kufuta mistari iliyojirudia, kuna ya kufuta faili zima. Hakuna binadamu anayezikariri zote. Kwa hiyo unabonyeza vitufe viwili vinavyofungua nafasi ndogo chini ya skrini, unaanza kuandika jina la amri, unabonyeza Tab.

Angalia inavyofanya. Ukiandika "delete-" ukabonyeza Tab, Emacs ya kawaida inaona amri zinazoanza hivyo ni nyingi. Iko "delete-blank-lines", inayoondoa mistari mitupu. Iko "delete-duplicate-lines", inayoondoa mistari iliyojirudia. Iko "delete-file", hiyo ndiyo inafuta faili. Haiendi mbele. Inasimama pale pale zinapoachana, inakupa orodha, inakusubiri. Tabia ni ile ile ya kengele ya TENEX.

5/8
Lakini watu wa kompyuta hawapendi kusubiri. Wakaanza kutengeneza programu ndogo za nyongeza, za kuchomeka ndani ya Emacs, ili orodha ijitokeze yenyewe na ipungue kwa kila herufi unayoongeza. Moja ni Ido ya Kim F. Storm, iliyoingizwa rasmi kwenye Emacs 22 mwaka 2007. Miaka ya 2010 zikaja Helm na Ivy, na mwaka 2021 ikatoka Vertico. Nyingine, Orderless, inakuruhusu kuandika vipande vya jina bila kufuata mpangilio: ukiandika "dup line" inakuletea ile ya mistari iliyojirudia. Nyingine tena, Marginalia, inaweka pembeni ya kila amri maelezo mafupi ya kazi yake.

Ni vitu vizuri kweli. Mtu mgeni anaweza kutembea ndani ya orodha akagundua amri ambazo hakujua kama zipo.

Ila hapa ndipo historia ilipopinda. Katika nyingi ya nyongeza hizi, jina moja linakuwa limeshawekewa rangi juu kabisa, tayari kwa kuchaguliwa. Ukibonyeza Enter, limepita hilo. Baadhi zinakumbuka ulichotumia karibuni na kukiweka mbele. Ile kengele ya 1970 haipo. Mashine haisemi tena "sijakuelewa". Inasema "bila shaka ulimaanisha hiki". Mara nyingi inapatia, na ndiyo maana mkono unazoea kubonyeza kabla jicho halijasoma.

Kwa mwandishi si janga. Akikosea kwenye maandishi, Emacs ina amri ya kurudisha nyuma, maandishi yanarudi kama yalivyokuwa. Dawa ikishaingia kwenye mshipa haina amri ya kurudisha nyuma.

6/8
Mtindo huo ulisambaa kila mahali. Miaka ya 1990 ikaja T9, ya kukisia maneno kwenye simu za vitufe. Waliotumia Nokia 3310 mnaikumbuka. Desemba 2004 Google wakaanza kumalizia maswali ya watu wanapoandika. Na hospitali nazo zikaingia: mifumo ya mafaili, mifumo ya dawa, mpaka makabati ya dawa yanayofunguka kwa kompyuta. Kwetu Afrika Mashariki, mfumo wa OpenMRS ulianza mwaka 2004, na Eldoret, Kenya, ni moja ya sehemu za kwanza ulipotumika. Hata humo mgonjwa anatafutwa kwa kuandika jina, na majina yanayofanana yanajipanga.

Sasa nisikilizeni. Desemba 2017, hospitali moja kubwa ya Nashville, jimbo la Tennessee, mgonjwa mwenye miaka 75 alikuwa anapelekwa kwenye kipimo cha picha. Alikuwa na hofu ya kuingia kwenye mashine ile, kwa hiyo daktari akaagiza dawa ya kutuliza, Versed. Muuguzi alikwenda kwenye kabati la kompyuta, akaandika herufi mbili: VE. Lakini Versed ni jina la kibiashara. Jina lake halisi ni midazolam, na kabati lilikuwa linatafuta kwa majina halisi. Haikuonekana. Akapita kwa njia ya dharura ya kabati, akaandika tena VE, akachukua iliyojitokeza: vecuronium. Hiyo inalegeza misuli yote ya mwili, mpaka ile ya kupumulia. Hupewa mgonjwa anayepumuliwa na mashine. Kichupa kilikuwa na onyo kwenye kifuniko. Mgonjwa alifariki siku ya pili yake.

Mwaka 2022 mahakama ilimtia muuguzi hatiani, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Kesi ile iliwagawa wauguzi duniani. Wengi waliuliza, na mimi nauliza nao: mfumo unaokubali herufi mbili tu kwa dawa kama hiyo, wenyewe hauna sehemu yake? Taasisi ya usalama wa dawa ya Marekani, ISMP, imekuwa ikishauri anayetafuta dawa aandike angalau herufi tano.

7/8
Kwa nini tano? Hebu tujaribu pamoja. Andika "met". Zinashuka: metformin, ya kisukari. Methotrexate, ya saratani na baadhi ya magonjwa ya viungo, hatari sana kwa mjamzito. Methyldopa, ambayo mjamzito mwenye presha ndiyo anapewa. Metoclopramide, ya kuzuia kutapika. Metronidazole, ya kuua bakteria na amiba. Dawa tano, kazi tano, herufi tatu.

Ongeza herufi ya nne, "meth". Zimebaki methotrexate na methyldopa: moja inaweza kudhuru mimba, nyingine inamlinda mama. Ongeza ya tano. "Metho" au "methy". Hapo sasa zimeachana.

Herufi hizo mbili za ziada zinachukua sekunde moja. Ni kengele ya TENEX ile ile, tumejirudishia wenyewe kwa mkono.

8/8
Basi wewe mzazi unafanya nini na historia yote hii? Huwezi kuingia nyuma ya dirisha la dawa ukashika kibodi. Lakini unaweza kuwa kengele.

👉 Ukifika mapokezi, taja majina matatu ya mtoto na tarehe ya kuzaliwa, hata kama hujaulizwa. Usiseme tu "Mama Aisha". Kwenye orodha akina Aisha ni wengi, na faili la mwingine lina uzito mwingine, na dozi hupigwa kwa uzito.

👉 Ukipokea dawa, usiondoke dirishani. Soma jina lililoandikwa kwenye pakiti, lilinganishe na cheti. Kama mwandiko haueleweki, sema, "Sista, naomba unisomee hii dawa inaitwaje na ni ya nini." Si utovu wa adabu. Nesi mzuri anashukuru, maana umemsomesha mara ya pili.

👉 Kama una mimba, sema una mimba kila mahali, hata kama tumbo linaonekana. Kompyuta haioni tumbo.

👉 Dawa ikiwa na rangi au umbo tofauti na ya mwezi uliopita, uliza kabla ya kumpa mtoto. Inaweza kuwa kampuni nyingine tu, na inaweza kuwa dawa nyingine.

Mbona kwenye pesa tunajua? Ukituma hela kwa simu, jina la mpokeaji likitokea, unalisoma lote ndipo unaweka namba ya siri. Hakuna anayebonyeza kwa kuona herufi mbili za mwanzo zinafanana. Jicho hilo hilo lilete dirisha la dawa.

Na wewe kijana unayejifunza kompyuta nyumbani, ukifungua hiyo Emacs ukaweka Vertico yako, furahia. Orodha ni rafiki. Ila zoeza mkono wako usimame kidogo kabla ya Enter. Huenda kesho ukaandika programu ya zahanati, na wewe ndiye utakayeamua kengele ilie au isilie.

Sehemu ijayo tutaongea kuhusu kadi ya kliniki ya mtoto: ile mistari ya uzito ilianza wapi na inasomwaje. Mwenye swali aulize hapa hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Mlale salama na watoto.